Trekta Isiyo na Pa Kugeukia

Mume wangu Mwangi alistaafu ukarani mwezi wa kwanza, na kufikia wa pili alikuwa tayari mkulima mkubwa. Shambani hakuwa amekanyaga. Alilimia kwenye simu, sebuleni kwetu Kahawa Sukari, akitazama video za wazungu wakiendesha trekta ndogo kwenye mashamba yasiyo na mwisho huku chai yake ikipoa. Shamba letu sisi liko juu ya Thika, kwenye mteremko. Ni nusu ekari na kidogo, tena limekatwa kama yanavyokatwa mashamba ya kwetu: ukanda mwembamba unaoanzia barabarani na kushuka hadi mtoni, upana wake hatua tisa. Jirani akipiga chafya kwake, wewe ndiye unayempa pole.

Lakini kilichotutoa nyumbani Jumamosi ile hakikuwa trekta. Kilikuwa Kariuki. Huyu ni mdogo wake Mwangi, mwenye ukanda wa upande wa kushoto, na ndiye aliyekuwa akitulimia wetu kwa jembe miaka yote tuliyojifanya watu wa mjini. Mpaka wao ni mstari wa matoka, maua ambayo wazee walipanda kuonyesha la huyu na la yule. Matoka hayaguswi na mtu mmoja. Anayeyasogeza kwa siri anajitafutia laana. Basi miaka minne iliyopita ikasemwa kwamba yamesogea hatua nzima kuingia kwetu. Mwangi akamwita Kariuki mwizi mbele ya watu wa matanga, na tangu siku hiyo hawajasalimiana. Shamba letu likaota magugu. Sasa mvua zilikuwa zinakaribia, na Mwangi alikuwa radhi kununua mashine nzima kuliko kumwambia ndugu yake maneno mawili.

Saa moja asubuhi tuliondoka na gari letu. Mwangi alivaa gambuti mpya na kofia ya majani. Mlinzi wa geti alimuuliza kama kuna harusi.

Saa mbili tulikuwa Ruiru. Duka ni la vioo, na trekta zimepangwa juu ya vigae kati ya matangi ya maji na mashine za kukata nyasi. Wanunuzi wa Jumamosi wote ni ndugu wa baba mmoja: gambuti ambazo hazijaona tope, kitambi cha kiti cha ofisi, na kijishamba mahali fulani ambacho wanakiita "kule kwangu". Sikumsikia hata mmoja akiuliza kuhusu plau. Walikuwa wanauliza rangi, na kama pana mahali pa kuchajia simu. Kila mmoja alipanda, akashika usukani, akapigwa picha na mkewe. Wangu nilimpiga tatu, kwa sababu katika mbili za kwanza alifumba macho.

Msichana wa mauzo alimuuliza shamba ni kubwa kiasi gani. Mwangi akajibu "kubwa tu", kwa ile sauti anayomjibia daktari akiulizwa habari ya chumvi.

"Basi hii imekukaa, mzee," msichana akasema. "Ukiwa hapo juu unakaa mdosi, bosi kabisa."

Nilidhani tumenunua. Kumbe ile haikuwa na paa, na Mwangi akatangaza kwamba jua la kwetu ni kali. Hilo jua alikuwa anachomwa nalo Kariuki miaka yote hiyo, na sikumbuki hata siku moja tukimpelekea kofia.

Saa nne tukawa Thika, kwenye duka la pili, mtaa wa nyuma. Hapa hapakuwa na vigae. Muuzaji aliitwa Wafula, mtu wa Bungoma mwenye grisi mpaka kwenye viwiko, na trekta yake ilikuwa na paa. Mwangi alikuwa ameshapanda. Wafula akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza Ruiru, kwamba shamba limekaaje. Mwangi akalichora hewani kwa mkono: juu barabara, chini mto. Wafula akatazama mkono ukishuka.

"Na upana, mzee?"

"Upana upo."

"Nauliza kwa sababu hii ikibeba plau inataka nafasi. Kule chini utageuzia wapi?"

"Kwani haina rivasi?"

Wafula akanigeukia, kama mtu anayetafuta mkubwa wa nyumba. Nilijua jibu. Kule chini shamba linabana zaidi, kulia pana ukuta wa mawe wa jirani, kushoto matoka ya Kariuki, mbele mto. Ningeweza kusema. Nikanyamaza, na sitasingizia busara: nilitaka kuona. Mwanamke aliyesikiliza habari za trekta kwa wiki sita ana haki ya kuona.

Saa sita lori liliibeba trekta kutoka Thika. Mwangi alipanda mbele na dereva, mimi nikafuata na gari. Tulipitia mtaa wa Landless, ambako hatukuwa na shughuli yoyote, ila Mwangi alipanga chumba pale ujanani na alitaka Landless ijue. Wenyeji walikuwa wanaanua nguo zao, hakuna aliyegeuka. Baada ya hapo, kila tulipofika penye maduka mawili, honi ililia.

Saa nane tuliteremsha mashine juu ya shamba. Watu walijaa barabarani. Kariuki alikuwa kwake, ng'ambo ya matoka, ameegemea jembe.  Mwangi akateremsha plau, akawasha, akashuka nayo kuelekea mtoni.

Nitasema ukweli, alishuka vizuri. Udongo ulipinduka mweusi nyuma yake na mzee mmoja akapiga makofi. Kisha akafika mtoni. Akakata kona kulia, akakuta ukuta. Akakata kushoto, gurudumu likasimama shubiri moja kabla ya matoka. Akainua plau na kutia rivasi apande kinyumenyume, lakini udongo aliokuwa ametoka kuulima ulikuwa laini, na magurudumu yakazunguka bure huku mashine ikikaa upande. Alijaribu mara tano. Halafu akazima injini, na watu wote kule juu wakamsikia akikohoa.

Nilimteremkia. Alikuwa bado ameketi chini ya paa lake, amenyooka. Aliniambia ataita mtu wa kreni kutoka Thika. Nikamuuliza kreni itapita wapi.

"Baba Njeri," nikamwambia, "Kariuki yuko pale. Muombe."

 Kisha akashuka, akaenda mpaka kwenye matoka na kusimama upande wake. Kofia aliivua.

"Kariuki. Naomba nigeuzie kwako."

Kariuki alimtazama ndugu yake, akatazama ile mashine.  Akaja na jembe lake, akapiga magoti, akang'oa matoka matano, moja moja na mizizi yake, huku Mwangi akiwa amesimama hapo kama shahidi, maana ndivyo inavyotakiwa. Akayaweka kwenye gunia, akampisha.

Trekta ikapita pengoni na kupanda kupitia kwa Kariuki, ikilima. Ikageuzia barabarani, ikashuka kwetu tena, ikapanda kwake tena. Hakuna aliyepanga hivyo. Haikuwa na njia nyingine. Kufikia saa kumi na moja kanda zote mbili zilikuwa zimelimwa, na Mwangi akashuka kwenye kiti akiwa mweusi wa vumbi, karibu achekelee.

Hapo Kariuki akamletea lile gunia.

"Yarudishe wewe," akasema. "Weka pale unasema yalikuwa."

Watu wa barabarani walikuwa wameshateremka. Mwangi alipiga magoti na gambuti zake. Pale Kariuki alipong'oa, magurudumu yalikuwa yamefuta mashimo, lakini mstari uliobaki juu na chini ulionekana wazi, umenyooka, na matoka yake yalikuwa manene na ya zamani, yaliyoshikana na ardhi tangu enzi za baba yao. Akautazama kwa muda mrefu. Kisha akachimba kwa mikono na kuyapanda matano yale kwenye mstari uleule, hakuongeza hata kidole. Alipomaliza alisema, "Nisamehe." Kariuki akampa mkono kumwinua.

Saa kumi na mbili tulirudi. Trekta tuliiacha kwenye boma la Kariuki, kwa kuwa kwetu haina pa kulala. Tulipita Witeithie, tukapita Ruiru, gambuti za Mwangi sasa zimeona tope. Nami ulimi wangu, ambao tangu asubuhi ulikuwa na la kusema juu ya kila mtu, ulikuwa umekauka. Miaka minne iliyopita mimi ndiye niliyepima ule upana kwa hatua zangu, nimevaa viatu vya matanga, nikamnong'oneza kwamba mdogo wake anatuibia. Leo alipiga magoti mbele ya kijiji kizima, akaomba msamaha, na hakutaja jina langu.