Jina Nililomficha Shosho

Ti. Ti. Ti.

Komeo la mlango wangu lilikuwa likitikiswa polepole gizani. Stima zilikuwa zimepotea ploti nzima, na mimi bado napapasa nikitafuta mshumaa.

"Nani?"

Sauti ya mama mzee ikajibu, tulivu kabisa: "Nyawira yuko?"

Nikaacha kutafuta mshumaa.

Kwenye ploti hiyo hakuna mtu aliyejua jina hilo. Hata Mama Ajwang wa mlango wa pili, aliyenishikia mtoto nikienda masomo ya jioni mjini, alimjua kama Toto tu.

Wacha nianzie mbali kidogo.

Waithaka, mpenzi wangu wakati huo, alikana mimba yangu kwao Dagoretti, mamake akiwa ameketi papo hapo. "Huyo atafute mwenye mimba," Waithaka alisema. Nikafunga virago.

Lakini kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya babake. Baba akikana, mtoto ana kosa gani? Nikamwita Nyawira, jina la shosho yake, nikalifunga moyoni. Maana anayejua desturi akilisikia, hahitaji kuuliza baba ni nani.

Baadaye Waithaka alioa. Watoto hawakuja. Nikaanza kusikia mamake ananiulizia. "Damu yetu haiwezi kulelewa kwa mabati," alikuwa akisema. Wana shamba, wana nyumba za kupangisha, wana wakili. Mimi nina jiko moja na Toto.

Hiyo ilikuwa 2009. Kwenye yale masomo ya jioni, ya kompyuta, mwalimu wetu Musembi alitusaidia kufungua akaunti kwa ule mtandao wa marafiki ambao kila mtu Nairobi alikuwa anauongelea. Alitufundisha kuingia. Nani anakuona ukishaingia, hilo halikuwa kwa somo.

Nikampata Valarie, beshte yangu, rafiki wa zamani wa mtaa wa Jamhuri, ameweka picha ya mtoto wake mchanga. Nilifurahi mpaka machozi. Nikaandika pale chini:

"Hongera beshte. Nyawira wangu naye ni sura ya kina Waithaka tupu. Kuja utuone, tuko Kangemi, ploti ya geti ya bluu nyuma ya soko."

Niliandika kama mtu anayenong'ona. Picha ni ya Valarie, si anayesoma ni Valarie?

Siku ya darasa iliyofuata nikafungua tena, nione kama amejibu. Ndipo nikaona, juu ya maneno yangu, pongezi za mtu mwingine ambazo siku ile sikuziona.

Debra. Dadake Waithaka.

Nikafuta maneno yangu mbio, nikapumua. Nikamwita Musembi, nikicheka kile kicheko cha woga.

"Mwalimu, nimeponea. Nimeyafuta."

"Umeyafuta wapi?"

"Hapa hapa chini ya picha."

"Ai, mathe. Kila aliyeandika hapo kabla yako alitumiwa maneno yako kwa imeli siku ile ile. Hapa umefuta, kwao bado yako."

"Na siwezi kuyatoa huko kwao?"

Mwalimu alichukua dasta, akaanza kufuta ubao.

Na sasa, usiku huo wa giza, walikuwa mlangoni. Nilifungua, ningefanya nini? Majirani walikuwa washatoa vichwa.

Mama ya Waithaka aliingia na leso yake mabegani. Debra nyuma yake, akimulika kwa simu.

"Sasa," Debra akanisalimia, kama watu waliokutana tu sokoni.

"Sikuja na vita, mami," mama mzee akasema. "Mambo ya kompyuta siyaamini. Nataka kusikia kwa mdomo wa mtoto. Kama si Nyawira, tunaenda na haturudi. Kama ni Nyawira, ni wetu, na wetu hulala kwetu."

Hapo nikapata tumaini kidogo. Toto nilikuwa nimemfundisha: mgeni akikuuliza jina, sema Toto. Tulilirudia kila nikimwogesha, na hakuwahi kukosea.

Dada zangu mnaosoma hii, chini ya picha ya mtu si sikioni mwake. Ni katikati ya soko, na waliosimama nyuma yako huwaoni. Neno ukiliachilia huko, usidhani litakurudia kwa sababu umejuta. Na siri usiyoweza kuitunza wewe mtu mzima, usimbebeshe mtoto.

Shosho alichuchumaa mbele ya Toto, akamshika mikono yote miwili.

"Unaitwa nani, mami?"

Toto alinitazama. Akamtazama yule mama mwenye macho kama yake.

"Naitwa Nyawira, lakini mama alisema nisiseme."