Kofia ya Moja Hadi Kumi

Mardhiya, mwalimu mwenzangu wa hisabati hapa Kengeja, hushona kofia za mkono baada ya vipindi. Mwaka jana alimshonea mumewe, Hudhaifa, aliyekwenda Maskati kufanya kazi ya uhasibu kwa mkataba mfupi, na mkataba ukazaa mkataba.

Nilisoma nao chuo kikuu, kwa hiyo nilifahamu alikoitoa nakshi ya kofia hiyo. Siku moja maktabani waliandika namba inayopanda kutoka moja hadi kumi na kushuka tena: 12345678910987654321. Hudhaifa alishikilia kwamba lazima igawanyike, kwa sababu namba nduguye, inayoishia tisa, 12345678987654321, ni 111111111 mara yenyewe. Mardhiya alikataa. Wakajaribu kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na tatu. Kila mara kitu kilibaki. Hatimaye kompyuta ya chuo ikathibitisha kwamba ni namba tasa: haigawiwi na namba nyingine yoyote ila moja na yenyewe.

"Basi hii ndiyo yetu," alisema Hudhaifa. Wakaoana mwaka ule ule.

Kwenye kofia, Mardhiya aliipanga namba hiyo kwa safu za vitobo: safu ya kimoja, ya viwili, mpaka kumi, kisha kurudi. Mama mkwe wake, Bi Mwanabaraka, aliitazama akacheka.

"Mkwe wangu, hii kofia au mnara wa msikiti? Ishushe kidogo."

"Mwenyewe akiiona ataijua, mama."

Hakuambatanisha neno lolote. Alitaka mumewe akumbuke bila kukumbushwa, na akikumbuka, arudi. Kofia ikaenda na msafiri, na Mardhiya akawa kila mapumziko anaitazama simu.

Jibu lilikuja kwa sauti. Alinisikilizisha katika ofisi ya walimu.

"Mke wangu, kofia imefika, ahsante. Ila mbele pamepanda mno, wenzangu wananitania. Nishonee nyingine, uishie tisa."

Nilikasirika, na bado nimekasirika. Tumefundishwa kuiita subira ya mwanamke pambo, wala hatuulizi ni nani anayelivaa na nani anayelilipia.

"Amesahau," nilimwambia.

"Labda alikuwa na haraka. Na tisa nayo ina uzuri wake."

"Uzuri wake ni kwamba inagawanyika, Mardhiya."

Alicheka kidogo, akageuza uso dirishani.

Akaishona ya tisa, kwa vitobo safi kuliko vya kwanza, akaituma. Nilitaraji kwamba sindano itapumzika. Juma lililofuata nilimkuta barazani kwake na kitambaa kipya cheupe magotini. Nilikaa nikiitazama sindano ikipanda safu kwa safu. Ilifika tisa, ikapita.

"Hii ya nani, shoga?"

Hakuinua macho. Aliukunjua uzi aliopimia zile kofia mbili, akauzungusha kwenye kitambaa, akakaza fundo.

"Kipimo ni kile kile," alisema.