Kokoto Ishirini na Nne

Mama mkwe wangu alishuka kwenye basi la Shinyanga akiwa na kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vikavu vya kwao, begani na jogoo kwapani, na kabla hata hajanywa maji akanieleza kilichomleta.

"Nimemfuata mwenzangu," alisema, akimwonyesha binti yangu kwa kidevu.

Mwenzake huyo alikuwa na miaka mitatu, na wakati huo alikuwa amekaa uani kwetu Nyahanga, hana nguo, akijaribu kumlisha kuku udongo. Mgeni angedhani ni utani wa bibi na mjukuu. Mimi niliolewa kwao, nilijua si utani. Mjukuu wa kwanza, akishaachishwa ziwa na kuweza kuomba maji mwenyewe, huenda kukaa kwa bibi yake. Humfukuzia kuku, humletea fimbo, hupiga naye soga, na hurudi kwa wazazi akishakuwa mkubwa, anawaangalia kama wapangaji. Haiombwi ruhusa. Mume wangu mwenyewe alilelewa hivyo, na ukimuuliza anakumbuka maziwa tu.

Na huyo mume hakuwepo. Msimu wa pamba ulikuwa umeanza, naye alikuwa karani wa ushirika, yuko huko vijijini na mizani yake. Nilikuwa peke yangu, nimepiga magoti mbele ya mama mkwe na kikombe cha maji mikononi, na kumwambia mama mkwe "hapana" ukiwa umepiga magoti ni kazi ngumu sana. Kwa hiyo nikadanganya.

"Mama, mtoto ameanza shule."

"Shule gani?"

"Ya hapa nyumbani. Namfundisha mimi herufi."

Sikuwa nimemfundisha hata kunawa mikono. Mama mkwe alikunywa maji yote, akarudisha kikombe, akafikiri.

"Hizo herufi ziko ngapi?"

"Ishirini na nne," nilijibu, nikitumaini idadi itamtisha.

"Vizuri. Akizimaliza tutaondoka." Akaweka kiroba chini, akavua viatu, akaomba mkeka.

Hivyo ndivyo nilivyojifunga kwa mdomo wangu mwenyewe. Jioni ile aliokota kopo tupu la maziwa ya unga, akaliweka dirishani. Kila herufi atakayoijua mtoto, alisema, kokoto moja itaingia koponi. Na mama huyu si mtu wa kuchezea hesabu. Kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa kuwanyooshea kidole, ni mwiko, lakini jioni wakirudi zizini yeye husimama mlangoni, akawatazama mara moja, akasema yule mwenye doa jeupe hayupo. Hakuwahi kukosea.

Sasa nilitakiwa kuwa mwalimu, na mwalimu wa aina ya pekee, ambaye anaomba mwanafunzi wake asielewe. Nilianza na A. Niliiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, nikaitamka, mtoto akaitamka. Ilichukua dakika moja. Nikasema A ni herufi ngumu, inahitaji kuzoewa, nikakaa nayo siku kumi na moja. Mtoto alichoka na A kuliko nilivyochoka mimi. Aliichora mlangoni, akaichora kwenye sufuria, akamkimbiza jogoo wa bibi yake na kipande cha mkaa ili amchore na yeye. Siku ya kumi na mbili mama mkwe alikuwa anamenya karanga, hakuinua hata kichwa.

"Mayu," aliniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "hiyo A ina wenzake?"

Nikaendelea na nyingine, shingo upande. Nilitangaza kwamba Jumapili hakuna masomo, na Jumamosi ni siku ya kufua. Mvua ikinyesha, ukuta umelowa. Jua likiwa kali, mwalimu anaumwa kichwa. Tulipofika M niliivuta mpaka nikaishiwa pumzi, "mmmmm", na mtoto akashika, "mmmmm", tukakaa hivyo asubuhi nzima. Jirani akachungulia juu ya ua kuuliza nani anaumwa tumbo, na kama tunahitaji mwarobaini.

Nilijaribu pia kuongeza herufi. Nilimwambia mama mkwe kwamba nimekumbuka, kuna ch, na sh, na ny, na ng', zote hizo lazima zifundishwe.

"Ulisema ishirini na nne."

"Ndiyo mama, lakini..."

"Mahari ikishapangwa, mtu haongezi ng'ombe."

Ng'ombe wangu mwenyewe walipangwa na yeye, na baba yangu hakuongezewa hata ndama.

Wiki moja nilipata homa nikalala siku mbili, na moyoni nilifurahi, kwa sababu shule imefungwa. Siku ya tatu niliamka nikasikia vicheko uani. Mama mkwe alikuwa amemwaga ulezi kwenye ungo na kuutandaza, na kidole chake kilikuwa kinachora. Duara. "Zizi," alisema. Mtoto akapiga kelele, "O!" Akachora pembe mbili za ng'ombe. "V!" Akachora panda ya mti. "Y!" Akachora mlango wa zizi, nguzo mbili na gogo la mshazari katikati. "N!" Kopo dirishani lilikuwa limenenepa. Kwa siku mbili za homa yangu zilikuwa zimeingia kokoto saba.

"Mama," nilisema, nimeshikilia mlango, "kumbe unajua kusoma?"

"Nimekaa kisomo cha watu wazima misimu miwili, pale kwenye ghala la pamba. Hukuniuliza."

Nilikasirika, nakiri. Nilikasirika kwa kudanganywa na mtu niliyekuwa namdanganya. Mimi niliyemaliza darasa la saba nilikuwa nimekaa na A siku kumi na moja, na bibi wa kisomo amefundisha saba kwa siku mbili, tena kwa ulezi wa uji. Na chini ya hasira, kitu cha ajabu zaidi: nilikuwa naona fahari. Mtoto wangu alikuwa na akili kama wembe, na kila alipoonyesha akili hiyo nilitaka kumpiga kofi na kumbusu kwa pamoja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio na sikuweza kuyazuia. Mtoto mwenyewe ndiye aliyekuja kudai herufi, anavuta kanga yangu, "Mama, nyingine." R ilileta mabishano, maana mama mkwe aliitamka kama L, kwa ulimi wa Kisukuma, na mjukuu akamfuata, nami nikasema hiyo haihesabiki. Yeye akasema kama haihesabiki basi nusu ya watu wa mkoa huu hawajui kuongea. Kokoto ikaingia.

Siku iliyoingia W niliosha magauni mawili ya mtoto, nikayakunja, nikayakunjua, nikayakunja tena. Nilikaa nayo mapajani nyuma ya jiko, nikalia kimya kimya. Nilipoinua macho mama mkwe alikuwa amesimama pale na ndoo. Sikujua alikuwepo tangu saa ngapi. Alikaa chini karibu yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatazama upande wa choo kama vile mazungumzo yalikuwa ya huko.

"Walipomchukua mume wako," alisema, "alikuwa mdogo kuliko huyu. Nilitwanga kinu kitupu. Nilitwanga tu, mpaka mama mkwe wangu akarudi kuchukua kibuyu alichosahau, akaninyang'anya mchi."

Alichukua ndoo yake akaenda kuchota maji.

Y ilikuwa imeshapita na ule ungo wa ulezi. Ilibaki Z. Mtoto aliijua kabla sijamaliza kuiandika, maana bibi yake alishamwambia kwamba ni njia ya kwenda lamboni kunywesha ng'ombe, inakwenda, inakata, inakwenda. Kokoto ya mwisho aliitumbukiza yeye mwenyewe.

Asubuhi ya safari niliamka mapema, nikampaka mtoto mafuta, nikamvalisha gauni la kwanza, la pili nikalifunga kwenye kitambaa. Mama mkwe alikuwa ameshafunga kiroba chake. Aliketi mkekani, akalimwaga kopo, na mbele yangu akafanya ambacho sikuwahi kumwona akifanya: alihesabu kwa kidole. Moja. Mbili. Tatu. Polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika mwisho akanitazama.

"Ishirini na tatu."

"Mama, zote..."

"Ishirini na tatu, mayu. Hajamaliza." Akazirudisha koponi, akasimama, akajikung'uta kanga. "Siwezi kuchukua mtoto ambaye hajamaliza. Watanicheka."

Tulimsindikiza stendi. Mtoto alilia akitaka kwenda, nami nikamshika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mama mkwe alipanda, akakaa dirishani, akatazama mbele mpaka basi likaondoka. Hakupunga mkono.

Nilirudi nyumbani nikamwaga kopo mwenyewe, nikahesabu mara mbili. Kweli, ishirini na tatu. Nikafagia chini ya dirisha, nikainua mkeka. Mwishowe nikamuuliza mtoto kama amechezea kokoto za bibi.

"Bibi ametupa moja chooni," alisema. "Kasema nisiseme."

Nilikaa chini palepale nikalia kwa sauti. Mtoto akanishika shavu akauliza kama tumbo linaniuma.

Mama mkwe alikuja kila mwaka baada ya mavuno, na kiroba cha michembe, na kila mwaka aliuliza kabla hajanywa maji. Mara ya mwisho binti yangu alikuwa darasa la sita na alikuwa amekaa mlangoni akisoma gazeti, miguu yake mirefu imeziba njia. Bibi yake aliiruka miguu ile kwa taabu, akaketi, akapokea kikombe.

"Vipi, amemaliza?"

"Bado moja, mama," nilijibu, nimepiga magoti.

"Haya," alisema. "Nitasubiri."