Samaki wa Ukuta Namba Kumi na Nne

Kamati ya Tamasha ilitangaza, kwa karatasi iliyopigwa muhuri mara mbili na kubandikwa kwenye Lango la Bahari, kwamba sanaa ni nyumba ya kila mkazi wa mji huu, na kwamba hakuna atakayeachwa nje. Aliyeibandika ni Mfeddal, kwa sababu ndiye mwenye ngazi.

Mfeddal ndiye mpaka chokaa wa mji mkongwe. Kila Juni hupita kichochoro kwa kichochoro akifuta michoro ya mwaka jana, ili wachoraji wa mwaka huu, wanaotoka nchi zenye mvua nyingi, wakute kuta safi. Kwa miaka ishirini na sita amefuta kazi za watu ambao huko kwao michoro yao hulindwa na askari. Hakuwahi kujuta. Chokaa, chumvi kiganja kimoja, nila ya buluu kidogo ili weupe ung'ae, basi.

Mwaka huo alijuta kabla ya kuchovya brashi. Ukuta namba kumi na nne ni wa nyumba yake. Msimu uliotangulia mchoraji mmoja alikuwa amemchora hapo samaki wa kijani mwenye kofia nyekundu, mkubwa kuliko mlango. Sisi majirani tulicheka tukachoka. Lakini mkewe, Bi Fettuma, ambaye kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumtoroka moja moja, alimshikilia samaki yule kama kamba ya kisimani. Kila asubuhi alikwenda tanuri la mtaa na ubao wa mikate kichwani, na kurudi akitazama kuta mpaka amwone. Milango yetu yote ni ya buluu na kuta zetu zote nyeupe. Bila mchoro, hutofautishi kwako na kwa jirani ila kwa kukumbuka.

Mfeddal alimwendea Katibu wa Kamati, Bwana Zeruali.

"Bwana Katibu, niachie huyo mmoja tu."

"Wewe tena, mzee? Si wewe uliyemfuta farasi wa yule mchoraji Mreno huku unapiga mluzi?"

"Farasi hakuwa anamrudisha mtu nyumbani."

"Nikikuachia samaki, kesho wataniomba tausi, keshokutwa mwezi. Ukuta umeshapewa mtu. Jina limechapwa kitabuni."

"Basi mwambie achore samaki."

"Msanii haambiwi, mzee wangu."

Usiku ule alimwandaa mkewe. "Fettuma, kesho samaki anaondoka."

"Anakwenda wapi?"

"Baharini."

"Ndiko kwao," alisema Bi Fettuma, akaendelea kukanda unga.

Asubuhi, mkewe alipokuwa tanurini, Mfeddal alipaka chokaa mikono miwili, tabaka juu ya tabaka. Kofia nyekundu ilikataa kufutika. Akaipa mkono wa tatu. Alikuwa bado juu ya ngazi, mweupe tangu nywele hadi viatu, alipomwona mkewe akipita na mikate. Akapita. Akarudi. Akapita tena.

"Fettuma! Ni hapa."

"Asante, baba. Natafuta nyumba yenye samaki."

"Ndiyo hii. Ingia."

Bi Fettuma alirudi nyuma hatua mbili na kujifunika uso kwa shela. Mwanamke wa heshima haingii kwa mwanamume asiyemjua.

Jirani yetu Bi Shaibia alitoka mbio. "Wee Fettuma, una wazimu? Huyo ni mumeo!"

"Mume wangu ana nywele nyeusi. Na wewe, dada, huoni haya kunikuwadia mzee aliyetoka kwenye sanda?"

Tulicheka, Mungu atusamehe. Mfeddal hakucheka. Alinawa uso, akaja tena. Ikawa ni mzee yule yule, ila amelowa. Bi Fettuma akaenda kukaa kwenye boma juu ya bahari, ubao mapajani, na kila aliyempitia alimuuliza habari za samaki. Watalii wawili walimpiga picha.

Alasiri Mfeddal alichukua rangi ya mlango iliyobaki na kuchora samaki mwenyewe. Alichora kama apakavyo: kwa upana, bila kuinua mkono. Kisha akamtuma Bi Shaibia amlete mkewe. Bi Fettuma alisimama mbele ya ukuta muda mrefu.

"Hiki ni kiatu," alisema kwa upole, kama mtu asiyetaka kumvunja moyo fundi.

Jua lilipotua mpwa wake Bi Fettuma, binti wa dada yake, alikuja na gari kutoka mji wa Larashi akamchukua, kwa siku chache, tulivyoambiana. Huyo Bi Fettuma alimfuata garini bila ubishi. Alimdhania dada yake. Mpaka leo yuko huko.

Kesho yake Bwana Zeruali alipita kukagua, akakitazama kile kiatu cha buluu, akamwita Mfeddal kando. "Mzee, tusiaibishane." Mfeddal akakifuta kwa mikono miwili.

Msanii wa ukuta namba kumi na nne alifika Julai, mtu mrefu, mpole, wa kutoka Denimaki. Aliuangalia ukuta siku nne mfululizo, akiuzungukia asubuhi na jioni, akagusa chokaa kwa ncha ya kidole. Siku ya tano, ukuta ukiwa mweupe vile vile, aliiambia Kamati kwamba kazi yake imekamilika, akaandika jina lake chini kabisa, kwa penseli.

Kamati ilimpigia makofi. Ukuta haujaguswa tena, hata Juni.