Aliyetuchekesha Bila Kusema Neno

Wiki hii tumemzika mtu aliyeuchekesha mji wetu kwa miaka mingi, na msomaji wangu aniwie radhi kama safu hii itakuwa kali kuliko alivyozoea. Nimerudi kutoka makaburini na hasira, wala sijataka ipoe kabla ya kuandika. Habari za msiba alinipa mama auzaye mikate karibu na kwangu. Alisema yule mzee wa sinema ameondoka. Malaria ilimuua, hapa Likasi, mji uliokuwa na hospitali yenye mashuka safi na dawa kabatini. Safari hii walimlaza kwenye benchi la ukumbini, wakamwambia mke wake aende sokoni kununua dripu. Aliporudi nayo mkononi, mumewe alikuwa ameshafunikwa.

Wasomaji vijana huenda hawamjui. Alianza kwa kuvunja mawe ya chokaa Kakontwe, kisha kampuni ya migodi ikampeleka kwenye jumba lake la sinema, akawa mwendesha mashine. Jumapili alasiri tulijaa humo na wake zetu, na malori yalileta watu hata kutoka Kakanda. Filamu za maneno zilikuwa za Kifaransa, wakazifurahia makarani waliokaa mbele. Lakini alipoweka zile za zamani, zisizo na sauti, jumba zima lilikuwa lake. Ndani ya filamu hizo alikuwamo bwana mmoja mwembamba, koti limembana, anayepigana na kitanda cha kukunja hadi kitanda kinamshinda, anayembebea bosi wake ndoo ya rangi na kuimwagia suruali ya bosi huyohuyo. Filamu ilipokatika, mzee wetu alimwachia mwenzake aiunge, akatoka mwenyewe na ngazi begani mbele ya kitambaa cheupe na kuendeleza mchezo. Akigeuka, ngazi inafagia kofia za mstari wa mbele. Akigeuka tena kuomba radhi, inafagia za upande wa pili. Hakutamka neno hata moja. Watu walicheka hadi wakashikana mabega, na aliyeshikwa bega mara nyingi alikuwa mtu wa lugha nyingine.

Nimewasikia wasomi wakisema kwamba vichekesho vya kuanguka ni vya watoto na wajinga. Sikubaliani nao. Mchimbaji anayepigiwa kelele wiki nzima na msimamizi wake anajua kwa nini anamcheka bosi aliyelowa rangi. Na yule mwembamba, akianguka, hajitetei wala hamlaumu mtu. Anainuka, anakung'uta koti, anaendelea na kazi. Kwa kuwa hasemi, hana kabila. Kila mmoja wetu mle gizani aliweza kuapa kwamba mtu yule ni wa kwao.

Kisha mji ukaanguka. Mishahara ikakoma, mashine za shaba zikanyamaza, na siku ya uporaji watu wakabeba viti vya jumba letu, wakabeba mashine ya filamu, wakakata kile kitambaa cheupe wakafanya mapazia. Hilo ningeweza kulisamehe, maana njaa haina adabu. Lililofuata silisamehe. Wakubwa waliotufilisi walihitaji mtu wa kulaumiwa, wakapanda majukwaani wakatuambia kwamba adui yetu ni jirani. Wahenga walisema ulimi unauma kuliko meno; siku zile niliyaona majeraha yake. Familia zilizozaliwa hapa, zilizofanya kazi hapa, zikafukuzwa kwa sababu babu zao walitoka mkoa wa Kasai. Zikalala kituoni na vyungu vyao na wagonjwa wao, zikingoja treni isiyokuja.

Huko ndiko mzee wa sinema alikokwenda na ngazi yake. Nilikuwepo, nilikuwa nimewapelekea chakula jirani zangu. Aliwachezea ule mchezo wake kwenye jukwaa la treni, na kwa mara ya kwanza tangu wafike pale niliwasikia watu wale wakicheka. Mama mmoja aliyekuwa amezika mtoto juzi yake alicheka huku akijifuta machozi. Ndipo likaja kundi la vijana wenye fimbo na minyororo. Kiongozi wao akasimama uso kwa uso na mzee.

“Ongea,” alimwambia. “Ongea mu luga yako, siye tujue weye ni muntu wa wapi.”

Hakuongea. Aliigeuza ngazi taratibu, vijana wakainama kuikwepa, akaigeuza upande wa pili, wakainama tena. Mmoja wao akacheka. Wa pili akacheka. Kiongozi alipoona kundi lake linamponyoka kwa kicheko, alimpiga mzee mnyororo gotini. Alianguka, na safari hii hakuinuka. Vijana wakatazamana, kisha wakaondoka mmoja mmoja bila kumgusa mtu mwingine.

Sasa sikiliza, msomaji. Mtu huyu alikuwa mzaliwa wa hapa hasa, mtoto wa ukoo wa hapahapa. Neno moja tu la lugha ya mama yake lingemwokolea goti lake. Nilipomtembelea, mke wake alikuwa akimuuliza kwa uchungu kwa nini hakulisema.

“Kama niliongea, miye ningepona,” alisema. “Na bale ba kituoni, benye habana na ile luga?”

Alichechemea hadi kufa kwake.

Na kaburini, nani alisimama kuhutubia? Mkubwa mmoja, suti nzuri, kati ya walewale waliopanda majukwaa siku zile. Alimwita marehemu mtoto wa kweli wa ardhi hii, fahari ya kabila letu. Alipofika kwenye kusifu damu ya mababu, mjane aliinuka kutoka mkekani, akamwendea, akazungumza kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia.

“Bwana yangu alinyamaza ili bantu bapone, muzee. Na weye nyamaza kidogo, tumuzike.”

Mkubwa alifunga mdomo. Tukachukua majembe, tukamzika.

Sitaki wasomaji wangu watoke hapa na huzuni tu. Huzuni wakubwa wetu wanaipenda, haiwagharimu kitu. Atakapokuja tena mtu kukuuliza wewe ni wa wapi kabla hajakuuliza kama umekula, jua kwamba ameshaiba kitu na anatafuta wa kumsingizia. Usimjibu. Na aliye karibu nawe, ambaye hana jibu linalotakiwa, usisogee mbali naye.