Mlinda Mlango wa Bodár

Pale Hagsätra, mwisho wa reli ya kijani ya Stockholm, ukitaka historia ya Simba na Yanga itabidi umtafute mume wangu Gregory, na ukimpata utajuta. Lakini historia ya Bodár tunaijua sote, mpaka sisi wapika sambusa. Bodár ni mji mdogo wa Hungaria ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuufikia, isipokuwa Mzee Muzamiru, Mganda, fundi mstaafu wa lifti, mtu mpole, mrefu, mwenye mikono mikubwa. Hiyo mikono ndiyo iliyotuponza.

Klabu ya Bodár, kwa jinsi alivyotusimulia kila harusi, kila Idi na kila ubatizo, ilianzishwa na wafyatua matofali. Walichimba udongo mpaka likabaki shimo, wakalisawazisha kidogo, wakasimamisha magoli. Nasema kidogo kwa sababu goli la upande wa mto lilikuwa chini kuliko lenzake, na nahodha akishinda kura ya sarafu hakuchagua jua wala upepo, alichagua mteremko. Baadaye serikali ya wakati ule ikaibadilisha klabu jina mara mbili. Mashabiki waliogopa kulitaja jina la zamani, hivyo wakawa wanashangilia midomo imefungwa, uwanja mzima unavuma tu. Klabu ikapanda daraja mara moja, msimu uliofuata ikashuka, na kocha akawaambia watu wa magazeti kwamba hewa ya huko juu haikumpenda. Mzee alikwenda huko ujanani kusomea kilimo kwa ufadhili. Chuo kilikuwa nje kidogo ya mji, na Jumapili zake zote zilikuwa za Bodár.

"Na wewe Mzee ulicheza namba ngapi?" Gregory alimwuliza walipofahamiana, enzi hizo binti wa Mzee, Babirye, bado anabebwa mgongoni.

"Mimi nilikuwa mlinda mlango," akajibu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na sitaki mtu amlaumu Mganda. Sisi Watanzania tumelelewa na mpira wa redioni. Ukimwambia Mtanzania mlinda mlango amesikia golikipa, hana haja ya kuuliza zaidi. Mzee wa watu Kiswahili chake alikiokota kwa askari na sokoni, akaja kukimalizia hapa Stockholm kwa Wakenya na Wakongo, na alichotaka kusema ndicho alichosema. Alilinda mlango. Alisimama kwenye geti la uwanja wa Bodár akachana tiketi, na malipo yake yalikuwa mkate na pilipili za siki, maana soseji zao zilikuwa za nguruwe. Kihungari nacho kilimmalizia kabisa. Kwao geti na goli ni neno moja, wanasema kapu, na anayesimama kwenye lolote kati ya hayo mawili ni kapus. Sisi kapu tunaendea sokoni, tungejuaje?

Mzee alipokuja kung'amua tulivyomwelewa, Gregory alikuwa ameshamtangaza kuanzia Flemingsberg mpaka Upplands Väsby. Mzee alikuwa anapewa kiti cha mbele na paja la kuku. Angekanusha mapema tungecheka, yakaisha. Lakini Babirye akakua, akajiunga na timu ya wasichana, akaulizwa anataka kucheza wapi, akasema golini, kama Taata, yaani babake kwa Kiganda. Tangu siku hiyo Mzee akaufyata. Akawa anamfundisha mwenyewe nyuma ya jengo, kila Jumamosi, kwa bidii ya mtu anayelipa kosa. Leo Babirye ni nesi, na ni golikipa wa timu ya wanawake ya mtaa wetu, na hakuna mechi anayoanza bila kumtafuta babake kwa macho pembeni mwa uwanja.

Sasa mume wangu ni dereva wa basi. Mwezi wa tano alipanda mama mmoja anaongea na simu kwa lugha isiyoeleweka, na katikati ya maneno Gregory akasikia "Bodár". Alichelewesha basi. Mama yule alikuwa mzaliwa wa huko huko, anaishi Upplands Väsby, na babake, Mzee Ferenc, ndiye katibu wa klabu, anakuja kumtembelea mwezi wa sita. Gregory alirudi nyumbani anatetemeka kwa furaha. Akaandaa sherehe uwanjani kwetu, na kwa kuwa ni mtu wa siri, alimwambia kila mtu isipokuwa Mzee Muzamiru mwenyewe.

Mzee alipopata habari alikuja jikoni kwangu, akasimama karibu na friji.

"Mama Tiana, huyo Ferenc anakuja kweli?"

"Anakuja, na ndizi nimeshaagiza."

Kesho yake goti likaanza kumuuma. Keshokutwa yake akasema huenda akasafiri kwenda kwao Masaka. Nilidhani ni uzee. Baadaye ndiyo alinieleza kwamba sisi hakutuogopa hata kidogo. "Nyinyi mtacheka," aliniambia. "Mtoto atanihurumia. Hiyo siwezi."

Siku ikafika, jua kali la Juni, watu wamejaa. Mzee Ferenc alikuwa kibabu kidogo, mwekundu, amevaa skafu ya klabu kwenye joto lile. Alipomwona Mzee Muzamiru alimkumbatia kiunoni, ndipo alipofikia, akalia bila haya. Kisha akataka kuhutubia. Yeye alisema Kihungari, bintiye akageuza kuwa Kiswidi, na Arsène, Mkongo wetu anayejiita mkalimani kwa sababu ana suti, akageuza kuwa Kiswahili.

Nilimsikia Ferenc akisema kapus. Bintiye akasema målvakt, ambalo kwa Kiswidi ni golikipa tu, hakuna lingine. Nikamwona Mzee Muzamiru akifumba macho.

"Asema huyu muzee alikuwa golikipa wa nguvu," akatangaza Arsène. "Hakuna mutu alimupita bila tiketi."

Watu wakashangilia. Gregory akawaelekeza waliokaa karibu naye kwamba hiyo ni lugha ya mpira, mshambuliaji bila tiketi ni yule asiye na kipaji.

"Asema hata bibi ya meya alimurudisha nyumbani kufwata pochi."

"Lugha ya mpira," akasema Gregory, safari hii kwa sauti ndogo.

Kwa hiyo Mzee alikuwa ameokoka. Angenyamaza tu, angekula ndizi zake na kurudi nyumbani golikipa. Lakini Babirye, uso unamng'aa, akaja mbio na glavu zake mwenyewe akamvisha babake, akamshika mkono mpaka kwenye goli. Akawaambia watu watoe simu, Mzee Ferenc apige penalti moja ya kumbukumbu. Mpira ukawekwa. Ferenc akautazama, akamtazama Mzee Muzamiru katikati ya milingoti, akakuna kichwa, akauliza kitu. Bintiye akafasiri bila hila, na Kiswidi sote tunakijua.

"Baba anauliza, kwa nini Muzamiru amesimama golini?"

Arsène alikuwa ameshavuta pumzi afasiri, Mzee akamnyooshea glavu anyamaze.

"Babirye," akasema. "Mimi sijawahi kudaka mpira. Siku hata moja. Nilikuwa ninachana tiketi getini."

"Mzee anatania," akasema Gregory.

"Gregory, nyamaza," nikasema mimi, na ni mara chache sana nimesema kweli kubwa kama hiyo.

Nilimwonea Babirye huruma, nikamwonea na babake, nikatamani nimchape mume wangu kwa mwiko.

"Na yote uliyonifundisha?" akauliza kwa Kiswidi. "Ile ya kuangalia macho yao, siyo miguu?"

"Ya getini hiyo. Asiye na tiketi huangalia kwanza pale anapotaka kupenya."

"Kutanua mikono na kupiga kelele?"

"Walikuwa wanakuja wengi kwa pamoja."

"Kutotabasamu?"

"Ukitabasamu wanaomba kuingia bure, mwanangu."

Babirye akakaa chini, pale pale kwenye nyasi. Mabega yakaanza kumtikisika, na mpaka alipoinua uso hakuna aliyejua kama ni kilio au kicheko. Vilikuwa vyote viwili.

"Unajua, Taata," akasema, "kila nikifungwa nilikuwa najiambia, hii Taata angeidaka. Kila moja. Mwaka jana kwenye fainali nililia chooni kwa sababu yako."

"Najua. Nilikusubiri nje ya mlango," akasema Mzee. "Nilitaka kukwambia. Nikaogopa."

Babirye akasimama, akapangusa nyasi, akasema kwa Kiswahili, tena kwa nguvu ili wote tusikie.

"Kumbe golikipa wa kwanza wa ukoo huu ni mimi."

Akamvua babake glavu, moja baada ya nyingine, akazivaa na kuzikaza. Akaingia golini, na akamwambia yule mama amfasirie Mzee Ferenc kwamba sasa apige, na asimwonee huruma.