Chombo cha Angani Kilichojaa Mashine Zetu

Fundi mitambo hawezi kutazama sinema ya angani akatulia. Wenzangu katika banda la video walikuwa wanamtazama steringi, yule shujaa wa sinema, mimi natazama bawaba za mlango wa chombo chake. Mlango ule eti ni wa chuma cha kuzuia moto wa jua, lakini ukifungwa unatikisika kama kadibodi, maana ni kadibodi. Chombo kikigongwa na kimondo, watu wote wanajitupa upande wa kushoto, huku kikombe cha chai mezani kimetulia zake na chai haimwagiki. Nilikuwa nacheka mpaka vijana wananigeukia. "Mzee, kama unajua sana si ukatengeneze yako."

Banda lenyewe lilikuwa Nyakato, nyuma ya nyumba za wafanyakazi: mabati juu, mabati pembeni, mabenchi ya mbao, blanketi dirishani la kuzuia mwanga, televisheni moja na deki. Ilikuwa miaka ile ya soko huria na kila kitu kilikuwa kinaingia mjini, mitumba, sabuni za rangi rangi, na mikanda ya video iliyonakiliwa mara nyingi hadi nyuso za watu zimekuwa chenga tupu. Sinema za mapigano ndizo zilizokuwa zinajaza banda jioni. Za angani, zile za bei ya chee ambazo hata mwenye banda hakujua zimetengenezwa wapi, aliziweka saa nane mchana kwa ajili ya watu wasio na pa kwenda. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Kiwanda chetu cha nyuzi kilikuwa kimesimama mwaka wa pili. Siku ya kufunga, meneja alitukusanya uwanjani akasema mashine zinasubiri spea kutoka nchi zilikotengenezwa, zikifika tutaitwa. Wengine walicheka palepale. Mimi nilimwamini, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nimezihudumia mashine zile miaka kumi na saba, nilijua kinachozisumbua ni gia, na gia ni kitu cha kuagiza tu. Kaka wa mke wangu alikuwa na shamba ng'ambo ya ziwa, Kamanga, akatuambia njooni mlime, nyumba ipo. Mke wangu alitaka twende. Kila wiki alinibana, na kila wiki nilimjibu kwamba nikivuka maji, siku wakituita watamkuta nani? Tuligombana juu ya jambo hilo hadi watoto wakawa wanatoka nje wenyewe tukianza. "Unangojea hewa," alikuwa akiniambia. Yeye alikuwa na mdomo, na mimi nina hasira za karibu.

Basi mchana nilikuwa nakimbilia bandani. Nisiseme uongo, sinema zile nilizipenda, na mtu akizidharau moja kwa moja naona hajui kazi. Kofia za wanaanga zilikuwa helmeti za pikipiki zilizochomekwa mpira wa maji. Nyota zilikuwa matundu kwenye kitambaa cheusi, upepo ukipita mbingu yote inapepea. Zimwi la sayari nyingine lilikuwa na zipu mgongoni. Ukuta wa chumba cha rubani, ukikazia macho, ni trei za mayai zilizopakwa rangi ya fedha. Lakini hebu mfikirie mtu aliyekaa akazibandika trei zile moja moja, akazinyoosha kwa rula, ilhali anajua kabisa hana uwezo wa kupata kitu cha kweli. Huyo namfahamu. Ndicho tulichokuwa tunakifanya kiwandani miaka ya mwisho. Gia ndogo tulichonga kwa mti wa mninga, mikanda ya mashine tulikata kwenye matairi ya malori, na mashine ikazunguka, nyuzi zikatoka. Zilikuwa zinakatikakatika, lakini zilitoka. Waliotengeneza sinema zile walikuwa mafundi wa shida kama sisi, na nilipowacheka nilikuwa nawacheka ndugu zangu.

Mchana mmoja mwenye banda akaweka mkanda mpya. Hadithi ilikuwa ileile ya siku zote. Steringi na msichana wamefungwa ndani ya chombo cha adui, wanamlaghai mlinzi, wanatoroka, wanakimbilia chumba cha injini. Mlango ukafunguka, nami nikajikuta nimesimama.

Zilikuwa mashine zetu. Sisemi zilifanana. Zilikuwa safu mbili ndefu za mashine za kusokota nyuzi, aina ileile, kitako kilekile, hata lile bamba la pembeni lenye matundu matatu ambalo nilikuwa nalifungua kila Jumatatu kutia grisi. Wenye sinema hawakuwa na uwezo wa kujenga injini, wakaingia kwenye kiwanda cha nyuzi wakawasha taa nyekundu, basi, ikawa injini. Nikasema kwa sauti, "Hizo ni za kwetu." Banda zima likaangua kicheko. Kijana mmoja akasema leo fundi kapanda mwenyewe angani. Hata mimi nilicheka, maana furaha iliyonipata sijui niielezeje. Huko zilikotoka bado zipo, safu kwa safu. Kama mashine zipo, spea zipo. Nikatoka kabla sinema haijaisha, nikaenda kumwambia mke wangu. Alinisikiliza huku anachambua mchele, kisha akaniambia nikanawe tule.

Kesho yake asubuhi nilimwendea mwenye banda kabla hajafungua. Kwenye bamba lile kulikuwa na maandishi, nami nilitaka anisimamishie picha niyasome, niyapeleke kwa meneja ili ajue pa kuandikia barua. "Shikamoo fundi," akasema, akaona jinsi nilivyo, akaweka mkanda bila kuuliza mengi.

Bila kelele za watu niliona nisichokiona jana. Hapakuwa na manyoya ya pamba. Kiwanda cha nyuzi kinachofanya kazi kina manyoya kila mahali, juu ya boriti, kwenye nyusi, puani. Unafagia, baada ya saa moja pamerudi vilevile. Pale sakafu ilikuwa nyeusi tupu. Steringi alipokimbia, buti zake zilitimua vumbi. Juu kulikuwa na dirisha lililovunjika na njiwa wametua. Kutu ilikuwa imekula vyuma hadi chini. Nikamwomba arudishe nyuma. Akarudisha mara tatu, na mara ya nne akasimamisha picha kwenye mashine ya mwisho, ambayo haikuwa na kifuniko. Mahali pa gia palikuwa na shimo. Wenyewe walikuwa wameshaichomoa, nadhani ili waokoe mashine nyingine, kama sisi. Kiwanda cha wenye mashine kilikuwa kimekufa kabla ya chetu, kikakodishwa kwa watu wa trei za mayai.

Mwenye banda akaniuliza kama nimeyapata maandishi. Nikamwambia nimeyapata, nikamshukuru, nikatoka.

Mke wangu alikuwa uani anafua. Nikakaa kizingitini nikamweleza yote, manyoya, njiwa, shimo la gia. Nilijiandaa kusikia "si nilikwambia", na kweli alikuwa na haki ya kuliongea hadi jioni.

"Si sinema tu, baba watoto?" akasema. "Wewe mwenyewe kila siku unasema mle hamna kitu cha kweli."

Nikamwambia kutu ile haikuwa rangi.

Akakamua shati, akalianika, akakaa nalo pale kambani akilinyoosha kola kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Basi tungoje kidogo," akasema. "Tungoje hadi mwisho wa mwaka. Labda wataita."

Miaka miwili nilikuwa natamani kulisikia neno hilo kinywani mwake. Alilisema kwa sauti ya chini, ile anayoitumia msibani kuongea na wafiwa, na ndipo nikajua kwamba ameniamini juu ya kutu ile.